Ugonjwa Ulioshonwa Vizuri

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta pale Mshazari alipoinuka kitini, akamvika mdogo wake koti mabegani kama mtu anayemkinga na upepo wa dirishani, kisha akapenya mlangoni na kuruka chini. Kwa mtu wa umri wake, tena mwenye uvimbe tumboni, kuruka kule hakukuwa na heshima hata kidogo. Alitua kwa magoti, akajizoa, akakimbia sambamba na dirisha huku ameshikilia suruali isimdondoke.

"Kaka! Unafanya nini?" Mdogo wake alitoa kichwa nje. "Panda, bwana, inakuacha!"

"Kadi ya hospitali iko mfuko wa ndani wa koti! Ukifika, wakiita jina langu, itika!"

"Una wazimu wewe?"

"Itika tu! Na usiongee sana, nakujua!"

Treni ikakaza mwendo. Neno la mwisho alilolisikia lilikuwa, "Kaka, usinifanyie hivi." Akabaki pale stesheni, magoti yanavuja damu, anacheka peke yake. Siku hiyo alijiona mjanja kuliko madaktari wote.

Ndugu hawa wawili walikuwa mafundi cherehani. Chumba kimoja, meza moja ya kukatia, cherehani mbili zinazotazamana. Mkubwa walimwita Mshazari kwa sababu mishono yake ilikwenda upande, hata ukimpa mapazia. Mdogo walimwita Pasi, maana hakuna aliyewahi kumwona na mkunjo. Suti za maharusi zote zilikuwa zake. Mama yao alikufa kwa ugonjwa wa tumbo Pasi akiwa hajaota meno, na Mshazari ndiye aliyembeba, akamlisha, akamfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Mwanafunzi alipompita mwalimu, mwalimu hakununa. Alitangaza mwenyewe kwa wateja: "Huyu nimemfundisha mimi. Uzuri wote nikampa yeye, ubaya nikabaki nao."

Tena kila aliyemjua mama alisema Pasi ni mama mtupu: macho yake, mwendo wake, hata namna ya kukohoa. Mshazari alikuwa wa baba, pua na ubishi.

Damu ya chooni ilianza kwa Mshazari. Aliificha mpaka mdogo wake akamkokota hospitali. Daktari alipouliza habari za ukoo na kusikia ya mama, akataka na Pasi achunguzwe. Naye akakutwa nayo. Saratani ya utumbo mpana, wote wawili, msimu mmoja, na kwa wote imeshatambaa mpaka kwenye ini. Kila mmoja akakatwa kipande kidogo cha uvimbe, vikapelekwa kupimwa kwenye hospitali kubwa ya mbali.

Majibu yaliporudi, daktari, mama mnene wa sauti ndogo, aliwakalisha pamoja. Akaitazama kola ya Pasi, akaamua kuzungumza kifundi.

"Mwili unajinakili kila siku, kama nyinyi mnavyokata nguo mpya kwa kufuatisha ya zamani. Makosa hutokea. Basi ndani ya kila chembe yupo mkaguzi, anafumua palipokosewa na kushona upya. Wewe, kaka mtu, umezaliwa na hitilafu kwenye kinasaba cha mkaguzi huyo. Inaelekea umeirithi kwa mama. Kwenye uvimbe wako hayupo kabisa, makosa yamerundikana, uvimbe wenyewe ni wa ovyo ovyo. Na hiyo ndiyo bahati yako. Kinga ya mwili ina askari wake. Kitu cha ovyo namna hiyo wanaweza kukitambua kuwa si cha nyumbani, ila saratani imewafunga breki. Ipo dawa ya kuwafungua breki. Umechaguliwa kuipata, kule kule hospitali kubwa."

"Na mimi?" Pasi aliuliza.

"Wako una makosa machache. Mkaguzi wako yupo kazini. Umeshonwa vizuri, baba. Askari wanaupita wakidhani ni wa nyumbani. Dawa hiyo kwako haitafanya kitu. Wewe tutakupa dripu za kawaida za dawa ya saratani, hapa hapa, kuanzia wiki ijayo. Hazitakuponya, lakini zitausukuma nyuma kidogo."

Kisha Pasi akaangua kicheko. "Kaka, hata saratani yako inashona ovyo!"

Wakacheka wote, na daktari pia, akijifuta macho kwa kiganja. Lakini walipotoka kwenye korido Pasi alisimama ukutani, akasema, "Mama sikumjua. Nina sura yake tu. Na kilichomuua nacho ukachukua wewe. Hukuniachia hata hicho." Alitaka iwe utani. Akainyoosha kola yake isiyo na mkunjo.

Maneno hayo yakamganda Mshazari. Alikwenda nayo kazini, akarudi nayo nyumbani. Na kadiri alivyoyageuza, ndivyo alivyoona kosa liko wapi. Pasi ndiye mama mtupu. Cha mama kingemwachaje yeye? Vipande viwili, jina la ukoo moja, siku moja, kwenye vichupa vinavyofanana: vimechanganywa tu. Yeye mwenyewe, mara ngapi amechanganya nguo za watu? Aliwahi kumpa mwalimu mkuu suruali ya mchinjaji, na mwalimu akaivaa.

Alimwendea daktari.

"Havikuchanganywa," daktari alisema. "Tumepima mara mbili."

"Mama, hata mimi kiuno napima mara mbili, na bado suruali inabana."

Daktari akatabasamu, akamwambia ajiandae kwa safari. Akajiandaa kwa namna yake. Yeye alikuwa mjane mwenye binti mkubwa anayejitegemea. Mke wa Pasi alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Pasi alipojitolea kumsindikiza na kugeuza kesho yake awahi dripu zake, Mshazari alikubali haraka mno. Kama Pasi angekuwa mtu wa kushuku, angeshuku.

Simu ililia siku ya pili.

"Kaka. Wameita jina lako."

"Ukaitika?"

Kulikuwa na kelele za viatu na mlango unaobamizwa. "Nilifungua mdomo niwaambie ukweli," Pasi alisema. "Nikaitika."

"Safi!" Mshazari akaipiga meza mpaka mikasi ikaruka.

Kule hakuna aliyeshtuka. Walikijua kipande cha nyama cha Mshazari. Sura hawakuwahi kuiona. Pasi akapanga chumba karibu na hospitali, akawa anakwenda kuwekewa dawa. "Tamu, kaka, hata hainichoshi," alisema kwenye simu. Lakini kila alipopiga, sauti ilikuwa imepungua, kama uzi unaoishia kwenye kibiringo.

"Shemeji," mke wa Pasi aliuliza, amesimama mlangoni mwa duka na tumbo lake, "mbona dripu za hapa hajaja kuzianza? Daktari anamuulizia."

"Yuko kwenye kubwa zaidi, shemeji. Tulia."

Naye akarudi kwenye cherehani, mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine tumboni kwake. Chooni aliona damu na kuvuta maji upesi.

Kisha akapigiwa na daktari wa kule, mwanamume asiyepandisha sauti. Picha za mgonjwa zilionyesha uvimbe umekua. Wakalipitia faili lote upya, wakakuta kundi la damu la mgonjwa silo lililoandikwa na hospitali ya kwao. Pasi akawaambia yote.

"Tumemkata kipande kingine, tumekipima," daktari alisema. "Ni vile vile. Huyo mkaguzi mliyeambiwa yupo. Havikuchanganywa kamwe. Mzee, ulimpa mwenzako ufunguo wa nyumba yako akafungue yake."

"Na zile dripu za kawaida?"

"Sasa hana nguvu za kuzibeba."

"Zingempa nini?"

"Muda. Huenda angemwona mtoto."

Pasi alirudishwa kwa treni ile ile, akiwa amelazwa. Aliomba kitanda chake kiwekwe dukani, asikie cherehani. Kulikuwa na jua la asubuhi juu ya meza ya kukatia, na Mshazari ameketi miguuni pake.

"Ulijua haitakusaidia?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliitika, mdogo wangu?"

Pasi alifumba macho, na Mshazari akadhani amelala. "Ulikuwa unakimbia na treni, suruali inakushuka, unacheka. Sijawahi kukuona na furaha ile. Nikasema, labda safari hii kaka amepima sawa."

Mshazari akainamisha uso kwenye blanketi. Pasi akanyoosha mkono, akaishika kola ya kaka yake na kuilaza vizuri, maana ilikuwa imekunjika.

Pasi alikufa wiki hiyo. Mtoto alizaliwa baada ya mazishi, wa kike, na ana mwendo wa bibi yake. Mke wa Pasi alihamia kwa wazazi wake na cherehani ya mumewe. Mshazari aliitwa tena hospitali kubwa. Walimgombeza, kisha wakampa dawa, na uvimbe ukanywea mpaka picha zikawa hazionyeshi kitu. Binti yake alipimwa, akakutwa na hitilafu ile ile ya bibi. Kila mwaka anaingizwa kamera tumboni, na vinyama viwili vimeshakatwa kabla havijawa kitu. Daktari mnene alihamishwa. Suti ya mwisho aliyoikata Pasi iliunganishwa na Mshazari, na bwana harusi aliirudisha. Iko bado dukani, imetundikwa kando ya lile koti.