Chanjo Iliyoganda

…si macho ya Honorata, ni chupa yenyewe ya chanjo, ameitikisa tena mbele ya dirisha la ofisi ya kijiji hapa Kurui na zile chenga zinashuka vilevile, zinatulia chini na kuacha maji matupu juu, kama tui lililokatika, mama yake alikuwa akisema koroga, usiondoke jikoni, lakini tui likishakatika hata ukoroge mpaka jioni halirudi… "Nesi, mchome basi," anasema Mwanaamina, wa kwanza kwenye foleni, paja la mtoto liko wazi tayari, na Honorata anaitikia ehe, nakuja, huku hata mguu hajainua, barafu, ndiyo, barafu, yeye mwenyewe asubuhi kabla ya kutoka Kibaha aliongeza mabonge ndani ya kasha akayabananisha na chupa, kwa mapenzi tu, aliogopa jua la njiani, akasahau kwamba dawa hii baridi inaitunza lakini kuganda kunaiua, na mwalimu Damiani aliwaambia darasani, kwenye mafunzo ya unesi, hilo na yale mengine, kwamba huko Ulaya wanajaribu kuifunga chanjo ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni, vinaelea majini kama mafuta ndani ya maziwa, mwili unavipokea na kujifunza ugonjwa, darasa zima likacheka, chanjo ya kukaanga hiyo, mwalimu hakucheka, alisema kinachoibeba dawa nacho ni dawa, kikivunjika umebeba maji… maji, basi ndiyo atakayomchoma huyu, "usije ukaondoka kama dada yako," Mwanaamina anamnong'oneza mtoto, na Honorata anamkumbuka huyo dada, kifaduro kilimuua, kile kikohozi kinachovuta pumzi kama filimbi, lakini akiwarudisha hawa, watakuja tena? mwenyekiti amesimamisha kazi ya shamba la kijiji kwa ajili yake, kina mama wamejaa barazani, akiwachoma watoto watamshukuru na kwenda zao, nani atajua, hakuna, mpaka kikohozi kije, na hapo Mwanaamina hatakimbilia hospitali, kwa nini akimbie, mtoto si alichanjwa, atakaa naye ndani akiamini, akimwamini yeye… mtoto ananyonya kidole, anamtazama, chenga zimetulia, "Nesi?" na Honorata, chupa ingali mkononi, hatafuti tena namna ya kuficha, anatafuta sauti tu, ya kusema mama zangu, dawa nimeigandisha mimi, kesho kutwa nakuja na nyingine, nawaombeni mje.