Nakshi ya Mlango wa Fahari

Katika nchi ya Ujuba, ambako kauli ya kuapia ni kwamba mwenye macho haambiwi tazama, ilikuwa ada vipofu wafundishwe kusoma na watu wasiopata kufumba macho hata katika dua. Herufi za vipofu hao zilifuliwa kwenye shaba nyembamba kama ganda la kitunguu, zenye mikia na vishada, zikaning'inizwa kati ya nguzo mbili mlangoni mwa mji wa Fahari. Wageni wa heshima wakizitazama husema, "Mashaallah, wakubwa hawa wana huruma." Vidole vya vipofu vilipotea humo kama kifaranga kwenye magugu; lakini nani aliwauliza? Mtaa wao wenyewe uliitwa Wasioulizwa.

Huko Wasioulizwa walijibunia maandishi yao: vitone vilivyodungwa kwa msumari kwenye ngozi, vikachomoza upande wa pili, kidole kikavisoma bila kukwama. Mzee Machungu, kipofu tangu utotoni, alikuwa na ngozi moja aliyoithamini kuliko paa la nyumba yake. Marehemu mkewe, Bi Tulizo, kipofu mwenzake, alimdungia akiwa mahututi. Kila alfajiri aliisoma kabla hajagusa maji.

Askari wakamkamata nayo, wakamfikisha mbele ya Kadhi Haambiliki.

"Vitone vimepigwa marufuku, Mzee. Amri iko mlangoni, kwa herufi zenu wenyewe. Hukuisoma?"

"Niliipapasa, Mheshimiwa. Nikadhani ni nakshi."

Baraza likacheka. Kadhi hakucheka.

"Na ngozi hii inasema nini?"

Machungu akapitisha kidole taratibu, kana kwamba anapapasa shavu. "'Mume wangu, ukitoka funga mlango. Mbuzi wa Bi Chuki hana haya. Na usilale njaa kwa kiburi cha kutoomba.' Basi."

"Nitajuaje kama ndivyo? Huenda ni fitina."

"Mwite kipofu yeyote aisome, mimi nitolewe nje."

"Kipofu amshuhudie kipofu?" Kadhi akaigusa, akajifuta mkono kwenye joho. "Ngozi yenye ukurutu tu. Nisichoweza kukisoma mimi hakijaandikwa. Ichomwe."

"Mheshimiwa, sina kingine cha sauti yake."

"Utazoea."

Ikachomwa. Machungu aliisikia ikijikunja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wakubwa hawa hata mkeka hawajaulalia.

Adhabu yake ikawa kuisugua shaba ya mlangoni, ing'ae machoni pa wageni. Akasugua. Lakini msumari wa Tulizo ulikuwa kwenye pindo la kikoi chake. Akawa anadunga kati ya mikia na vishada vya amri, kutoka mbele kwenda nyuma, neno kwa neno.

Wageni walipokuja, mmoja akauliza, "Na vishimo hivi vidogo, Kadhi?"

"Nakshi," akajibu Haambiliki, akitunisha kifua.

Nyuma ya shaba vipofu wa Wasioulizwa walikuwa wakipita, mkono ukitambaa juu ya vitone. Na kila mmoja, alipofika kwake, alifunga mlango.