Mzee Mwenye Moyo Mkunjufu

Daktari mtafiti alikuwa amepata wazee kumi na tisa wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Sasa alihitaji mzee mmoja tu mwenye moyo mkunjufu, ili alinganishe picha za ubongo wake na zao. Fundi wa mashine ya picha hizo hakukuna kichwa hata kidogo. "Mama yangu," alisema. "Baba ametutoka mwaka wa pili huu, na Mama bado anatuvunja mbavu."

Na kweli, kwa utani mama mtu hakuwa na mpinzani. Binti yake, huyo fundi, alikuwa akimwacha peke yake kutwa nzima, na kitu pekee kilichompa usingizi ni vile vicheko vya jioni. Aliviegemea mno, wala mimi simlaumu. Nani hapendi kuamini kwamba kwake ni salama?

Asubuhi hiyo mama alilazwa chali, akavishwa spika za masikioni, akaambiwa asitikisike.

"Nitatulia kama maiti, ila msinizike," akasema, na wote wakacheka. Akasukumwa ndani. Mashine ikaanza kugonga na kuunguruma.

Nyuma ya kioo, picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Kichwa kilikuwa kimetikisika. Ya pili vilevile.

"Mama, acha kucheka," fundi akasema kwenye kipaza sauti. "Unaniharibia picha."

"Haya, mwanangu."

Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Daktari akatabasamu, akasema huyu ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta. Fundi akaingia mwenyewe kukivuta kitanda nje, karipio liko mdomoni tayari.

Mama hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yameteremka pande zote mbili hadi masikioni, yakalowesha sponji za zile spika. Binti akashika ukingo wa kitanda.

"Samahani, nimekuharibia kazi," mama akasema. "Nilidhani kelele zitanificha."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu tumzike. Ukishafunga mlango asubuhi, naanza. Saa yako ya kurudi ikikaribia, nanawa uso."

"Na mimi nashinda hapa na wazee wa watu." Machozi yakamtoka. "Kwa nini hukuniambia?"

Mama alimfuta binti yake machozi kwa kiganja, yake akayaacha.

"Unarudi umechoka, mwanangu. Ukinikuta nacheka, unakula ukashiba."