Jumuiya ya Watu Wawili

Gaudensi Komba aliacha kusali siku alipomzika mwanawe, Yordani. Mafuriko ya mto yalikuwa yamefika mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Mkongo, na mamba alimchukua mtoto humohumo shambani. Kilichopatikana cha kuzika kilikuwa kidogo mno. Mkewe hakuweza tena kuishi karibu na mto ule. Akarudi kwao Songea. Gaudensi alibaki na jembe lake na hasira.

Wakristo wa pale walikuwa wachache tangu zamani. Baada ya mafuriko familia nyingine zilihamia Kibiti, jumuiya ikabaki na watu wawili: yeye na Bibi Skolastika, mjane msuka mikeka. Kila Jumamosi jioni bibi alikuja na rozari yake, akaketi barazani kwa Gaudensi, akaanza kusali. Gaudensi alizunguka nyuma ya nyumba kunoa panga, ili asisikie.

"Unajisumbua, Bibi," alimwambia siku moja. "Mimi na Mungu tumemalizana."

"Umemalizana naye wewe. Mimi bado. Usidhani nasali kwa sababu naona raha, mwanangu. Siku nyingi moyo wangu mkavu kabisa. Lakini nikiacha leo, kesho kuacha kutakuwa rahisi zaidi."

Gaudensi alirudi kwenye panga lake.

Masika iliyofuata, Sihaba, jirani yao, alimfuata shambani mbio, mtandio umemwanguka mabegani.

"Baba Yordani, njoo! Bibi yenu kaanguka, mdomo umepinda, hasemi. Mganga wa zahanati anasema ni kiharusi, na hospitali hatufiki, barabara imekatika. Padre wenu naye kakwama Kibiti. Sisi tungemsomea, lakini ana dini yake. Atasomewa na nani?"

"Siwezi, Mama. Nimesahau."

"Basi kaa naye tu."

Alimkuta amelazwa mkekani, jicho moja likimfuata. Wanawake wakampisha. Alipiga magoti, akaanza "Salamu Maria", akaishia njiani. Akaanza tena. Alishangaa jinsi ulimi ulivyoyajua maneno. Jumamosi zote zile yalikuwa yakimfikia huko nyuma ya nyumba, apende asipende. Alipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" alimwona Yordani majini, akalia kwa sauti mbele ya watu. Hakuacha kusali. Amani hakuipata. Bibi alikata roho kabla ya magharibi.

Kaburi walilichimba Nurdini, mume wa Sihaba, na vijana wa msikitini. Maji yalichuruzika humo chini, ikabidi wayateke kwa ndoo kwanza.

"Kwenu inakuwaje sasa?" Nurdini aliuliza kwa upole.

Gaudensi alisali alichokikumbuka, akaruka alichokisahau. Nyimbo hazikuwepo, maana hakukuwa na wa kumwitikia.

Asubuhi iliyofuata alisimama ndani, peke yake, akaanza Baba Yetu. Kwenye "utakalo lifanyike" alinyamaza, taya zimekaza. Maneno yale yalimchukiza. Alikaa hivyo mpaka jua likaingia mlangoni, kisha akayasema, akamaliza sala, akaenda shambani kung'oa mpunga uliooza.

Kesho yake akasali tena, na hasira yake ileile.