Msalaba wa Penseli Juu ya Farasi Mweupe

Kwenye picha ile farasi mweupe yumo kati ya moshi wa mizinga, miguu ya mbele hewani, na mpanda farasi ameelekeza mkuki kwa askari wa Kaisari wa Urusi. Juu ya kofia yake mtu aliweka kamsalaba kadogo kwa penseli.

"Huyu hapa," alisema Bogumił Rzepka, akigonga kioo kwa kidole. "Babu mzaa babu yangu. Bibi yangu ndiye aliyemtia alama, Mungu amrehemu."

Danuta, mkewe, akazidi kuikata keki ya jibini ambayo ilikwisha kukatwa. Alijua picha imetoka wapi. Lakini siku hiyo wakwe walikuwa wamekuja kumaliza maneno ya harusi ya Kajetan, mwana wao wa pekee, na ukoo wa Jagna, bibi harusi, ulikuwa wa mabwana wa zamani. Mashamba yalikwenda, jumba likaenda, jina likabaki; na kwetu Poland jina peke yake hupigiwa magoti. Bogumił ni mwoka mikate. Ana tanuri mbili na gari jipya, ila kila akiwaona watu wale huficha mikono yenye unga. Ujinga mtupu, lakini ndivyo alivyo.

Bibi Leokadia, nyanya yake Jagna, akaomba miwani yake. Akaisogelea picha, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Hieronim," alisema.

"Unasemaje, Bibi?"

"Anaitwa Hieronim, mzee wetu. Msalaba huu aliuweka mama yangu. Na doa hili la wino ni langu, nilichapwa kwalo. Wajerumani walipotufukuza, tuliiacha ukutani." Akamshika Bogumił mkono, machozi yakimlengalenga. "Kumbe sisi ni ndugu!"

Kisha uso ukamkunjamana.

"Ndugu wa damu. Basi hatuwezi kuwaozesha. Wazee wetu walioana wenyewe kwa wenyewe ili mashamba yasitoke nje. Nimezika kaka wawili kwa ugonjwa wa damu, nikaapa hayo hayatarudi nyumbani kwangu."

"Nyanya, jamani!" Jagna alisema.

"Niliapa, mwanangu."

"Baba?" Kajetan aliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bogumił iliishia pale pale sebuleni kwake. Angenyamaza, heshima ingebaki na harusi ingekufa. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sisi si ndugu," alisema. "Niliinunua. Soko la mitumba, mwaka huu huu. Msalaba niliukuta."

"Na bibi yako aliyeuweka?" Bibi Leokadia aliuliza.

"Bibi yangu hakujua hata kushika penseli."

"Loo!" Mjomba wa Jagna aliangua kicheko. "Watu hununua viatu sokoni, huyu kanunua babu! Ulipunguziwa bei?"

Hakuna aliyemkanya. Kajetan aliinamisha kichwa, na aibu ya mtoto ilimchoma Bogumił kuliko kicheko. Akaiondoa picha ukutani, akaiweka mapajani mwa bibi kizee.

"Mchukue mzee wako. Nisamehe. Watoto hawana kosa."

"Watoto wataoana," alisema Bibi Leokadia. Picha hakuitazama. "Wako anaitwaje?"

"Nani?"

"Babu mzaa babu yako. Yule wa kweli."

Bogumił akafungua kinywa. Baba yake alipenda kuanza habari za wazee wakiwa wanakanda unga alfajiri, na Bogumił kila mara alimkatiza: baba, tuondolee habari za watumwa wa mashamba. Mzee akazoea kukanda kimya, mpaka akafa. Bogumił akamtazama Danuta, akamtazama mwanawe, kana kwamba mmoja wao alikuwa amemtunzia jina lile.

"Sijui," alisema.

Bibi Leokadia akasogea kwenye kochi, akampisha nafasi.

"Kaa. Anzia pale unapojua."

Bogumił akakaa, mikono yake ya unga wazi magotini.

"Baba yangu aliitwa Szczepan," alianza, na hapo hapo akakwama.