Protini Tuliyoiita Mmbea

Mume wangu ndiye aliyeipa jina la Mmbea. Ni protini tuliyoiunda sisi wawili maabarani: ukiidondosha kwenye majimaji yenye alkoholi, inang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Haijui kuficha kitu. Tulikuwa tunapima mamia ya aina za hamira, tukitafuta ile itakayotoa alkoholi nyingi ya kuendeshea injini, na Mmbea ndiye angetuonyesha.

Jina lilinichekesha, maana mume wangu mwenyewe alikuwa mlevi aliyeacha. Aliacha pombe binti yetu alipozaliwa. Nilimwambia wazi: ukirudia, mimi na mtoto hutuoni. Akaacha kweli, au ndivyo nilivyojua. Maabara yetu inanuka spiriti tangu mlangoni, kwani ndiyo tunayofutia meza, kwa hiyo pua haikunisaidia kitu.

Asubuhi ile maji yaliyochujwa yalituishia. Nikapekua friji, nikakuta chupa nyuma kabisa, imeandikwa "maji safi" kwa mwandiko wake. Nikajaza vishimo vya kulinganishia kwenye sahani ya vipimo, vile vya maji matupu ambavyo havitakiwi kung'aa hata chembe. Nikadondosha protini, nikawasha taa. Viling'aa kuliko hamira zote.

"Protini imeharibika," nilimwambia. "Inang'aa hata kwenye maji!"

Aliitazama sahani, kisha chupa iliyokuwa mkononi mwangu.

"Pole, mke wangu," akasema. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Tuimwage tu, tuanze upya."

Akanikumbatia. Nikamlilia begani kama mtoto mdogo, naye ananipapasa mgongo, ananiambia tutaunda nyingine nzuri zaidi. Alikuwa mpole kupita kiasi.

Alipotoka kwenda kumwarifu mkuu wetu, mimi na ukaidi wangu nikajaribu tena, safari hii kwa maji ya bomba. Giza tupu. Nikajaribu yale ya chupani. Kijani. Nikavua barakoa, nikanusa chupa. Tangu tuanze kazi ile nilikuwa naomba protini ing'ae. Pale niliiomba izime.

Aliporudi alinikuta nimekaa, chupa iko mezani mbele yangu.

"Ningekwambia," alisema.

"Lini? Tukishaimwaga?"

"Nilionja kidogo tu, mama. Haki ya Mungu, kidogo tu."

"Ungekunywa tu, ningegomba, labda yangeisha," nikasema. "Lakini umeniacha niilie kazi yangu begani kwako, na wewe unajua fika haina kosa!"

Akavua koti la maabara, akalitundika, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia aende tu, na jioni asije nyumbani.

Mlango ulipofungwa nilichukua sahani nyingine, nikaanza kupima hamira upya huku machozi yakinitiririka. Kimojawapo cha vishimo kiling'aa sana, kijani kikali ambacho hatukuwahi kukiona, na kilikuwa cha hamira kweli. Nikageuka kumwita.