Juu Atakaa Nani?

Fuko alichovya kidole, akalamba, akatema. Akasogea mpaka pale maji mapya yalipokuwa yakichuruzika kutoka ukutani, akachovya tena, akalamba. Chumvi. Wala si chumvi ya kudhani. Ilikuwa chumvi yenyewe, ya kumkunja mtu uso.

"Haya," alijiambia peke yake kule chini. "Maji matamu yamekwisha."

Fuko halikuwa jina lake, lakini nani aliyelikumbuka jina lake? Alikuwa fundi wa visima, mfupi, mpana wa mabega, na tangu ujana riziki yake ilitoka chini ya ardhi. Kisima alichokuwamo siku ile kilikuwa cha Tofali, kijana mwenye kufyatua na kuuza matofali ya saruji. Nyuma ya ukuta wa ua, kilikuwapo kisima cha Povu, mwenye kuosha magari. Na Povu na Tofali, jamani, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Povu kaka, Tofali mdogo mtu.

Marehemu baba yao aliwaachia ua mmoja na kisima kimoja, na kisima hicho kilinywesha mtaa mzima bila mtu kuulizwa ametoka wapi. Udongo wa kaburi haujakauka, ukuta ukapanda katikati ya ua. Kisima kikaangukia upande wa kaka. Mdogo akamwita Fuko: nichimbie changu, kipite kile. Fuko akachimba, cha kaka kikakauka. Kaka naye akamwita Fuko: ongeza, kipite cha yule mpumbavu. Fuko akaongeza, cha mdogo kikakauka. Ikawa ndiyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi. Watu wengine hushindana kujenga ghorofa, hawa walishindana kwenda chini. Na visima vya majirani, vile vifupi vya watu wasio na pampu, ndivyo vilivyotangulia kufa. Mama Miche, aliyekuwa akiuza miche ya miti na maua, alisimama getini na ndoo yake mpaka miguu ikamvimba. Povu alimwambia nenda kwa Tofali. Tofali alimwambia nenda kwa Povu. Miche ikanyauka yote, akabaki na jina tu.

Nani mroho hapo? Mtaa mzima ulikuwa na jibu, na uliwatafuna ndugu wale asubuhi na jioni. Fuko hakutajwa na mtu. Fuko ni fundi, anafanya kazi ya watu. Mkewe peke yake ndiye aliyewahi kumwambia, "Wewe unakula huku na huku, kama panya wa nyumba mbili." Naye akamjibu, "Nisipochimba mimi atachimba mwingine." Mke akanyamaza, maana sahani aliyokuwa akiiosha ilinunuliwa kwa visima hivyo hivyo.

Na huyo mkewe ndiye aliyekuwa juu siku ile. Winchi ya Fuko ilikuwa gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, kamba imezungushwa katikati, na pembeni mkono wa chuma wa kuzungushia. Mwisho wa kamba palikuwa na kibao cha kukalia. Breki haikuwa nayo. Breki ilikuwa mkewe, mwanamke mrefu, mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiokopesha. Akiachia yeye, Fuko hayupo. Wote wawili walilijua hilo, na hawakulizungumza hata siku moja.

Sasa, kisima kina tabia yake. Wa juu hamsikii wa chini mpaka apige kelele, lakini wa chini husikia ya juu yote, hata mtu akijikuna. Kwa hiyo Fuko alilisikia geti likipigwa teke.

"Tofali! Toka nje, mbwa wewe!"

Alikuwa Povu. Asubuhi ile pampu yake ilitoa tope, kisha ikatoa upepo. Magari ya watu yalikuwa yamejipanga, sabuni imeyakaukia.

"Kaka, usiingie kwangu na panga," Tofali alisema.

"Kwako? Kwako wapi? Maji haya ni yangu! Baba aliniachia mimi!"

"Baba alikuachia kisima. Maji hakukuachia."

Lo! Maneno mengine afadhali mtu ayameze. Fuko aliruka kwenye kibao, akaitingisha kamba kwa nguvu, ishara ya kupandishwa. Kamba ilikuwa imeshaanza kukaza. Mkewe hakungoja ishara.

"Leo nakifukia!" Povu akanguruma, na Fuko akaona duara la mwanga lililokuwa juu yake likizibwa na kitu cheusi. Tofali zima la saruji lilipita karibu na sikio lake, likatumbukia majini.

"Povu! Mume wangu yumo ndani!"

"Si ndiye aliyekichimba? Azikwe nacho!"

La pili halikupita. Lilimpata begani, mfupa ukalia ndani ya mwili wake, na mkono wa kushoto ukalegea ukaning'inia tu. Fuko aliikumbatia kamba kwa mkono uliobaki na kwa magoti, akakificha kichwa chake kifuani. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku yoyote, akamwita mama yake aliyekufa zamani. Na kamba iliendelea kupanda, kidogo kidogo, haikusimama.

Juu, Tofali aliruka na koleo. Fuko aliusikia mlio wa chuma juu ya mgongo wa mtu, kisha mlio wa panga, kisha Tofali akipiga yowe, "Umenikata! Kaka, umenikata!" Damu ikaanza kudondoka kisimani, ya moto, ikamwangukia Fuko shingoni. Matofali mabichi yalivunjika chini ya miguu yao. Walikuwa wakihema kama fahali, wakitukanana mama, na mama wenyewe ni mmoja.

Na getini palikuwa na watu. Fuko aliwasikia pia.

"Nishikieni winchi!" mkewe alikuwa akilia. "Jamani! Mtu mmoja tu anishikie!"

"Waache wamalizane!" ilijibu sauti ya mwanamke. "Walitunyima maji, sasa wanyweshane damu!"

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Mpige, mpige huyo!" Hakuna aliyevuka geti. Na ile sauti ya kwanza Fuko aliijua vizuri. Ilikuwa ya Mama Miche.

Povu alipoona mdogo wake ameanguka, aliigeukia winchi. Alitaka kuikata kamba, kila kitu kiende chini, kisima na mchimbaji wake. Akainua panga. Mkewe Fuko hakuweza kukimbia wala kupiga, maana mkono wa kulia ulikuwa umeshika chuma, na kwenye chuma palikuwa na mume. Kwa hiyo alifanya kitu kimoja alichoweza. Aliulaza mkono wa kushoto juu ya kamba.

Panga likashuka.

Kule chini Fuko alihisi kamba ikishtuka. Alishuka ghafla kiasi cha urefu wa mkono, kisha akasimama. Kitu chepesi kilimwangukia pajani. Alikipangusa, akidhani ni donge la udongo. Alichokuwa amekipangusa alikuja kukijua baadaye, na hata leo mkono huo haupeleki mdomoni bila kuutazama.

Mkewe hakuachia.

Povu akainua panga mara ya pili, na Tofali akainuka nyuma yake na koleo, akampiga kisogoni kwa nguvu zote alizokuwa amezitunza tangu ukuta ulipojengwa. Povu akayumba, akakanyaga ukingo uliolowa, akaingia. Alipita alipokuwa Fuko bila kupiga kelele, kiatu chake kikamgonga goti, kibao kikazunguka kama pia. Chini kulisikika kitu kikivunjika juu ya matofali aliyoyatupa mwenyewe. Halafu maji.

Getini hakuna aliyecheka tena.

"Kaka?" Tofali aliita, ameinamia kisima, damu ikimtoka begani. "Kaka, toka basi. Yameisha. Toka."

Fuko alipofika juu alimkuta mkewe ameulalia mkono wa chuma kwa kifua, macho amefumba, gogo lote jekundu. Alipousikia mguu wa mumewe ukigusa ardhi, ndipo alipoachia, akakaa chini kama mtu aliyechoka na safari.

"Umefika?" aliuliza.

"Nimefika, mke wangu."

"Basi nifunge mkono."

Povu alitolewa maiti. Tofali alichukuliwa na polisi akiwa bado anamwita. Siku ya mazishi wasemaji walikuwa wengi, na wote walisema neno moja: uroho. Uroho umewaua watoto wa mzee yule, uroho umekausha mtaa. Mama Miche alisema kwa sauti kuliko wote. Watu wakatikisa vichwa, na Fuko, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni, naye akatikisa chake. Halafu akaacha kutikisa. Alikuwa amekumbuka ni nani aliyechimba.

Haukupita muda, Mama Miche akabisha hodi nyumbani kwa fundi, majirani wengine wawili nyuma yake.

"Pole, fundi. Mgonjwa naye anaendeleaje? Mungu ni mkubwa." Akakaa, akarekebisha nguo. "Sasa fundi, wale wawili ndiyo hivyo, hawapo. Maji ni yetu sasa. Bega likipona unichimbie. Upapite pale pa Tofali, kidogo tu."

"Pale kuna chumvi," Fuko alisema. "Nililamba mwenyewe. Tukiendelea kushuka tutaivuta chumvi mpaka kwenye visima vyote. Dawa ni kuacha, mama. Vifunikwe, tuvumilie, mvua zije, huenda yakarudi."

Mama Miche alicheka, cheko la puani. "Chumvi! Wenye pesa walipokuita mbona hatukuisikia hiyo chumvi? Leo ni zamu yetu sisi makapuku, maji yamekuwa na chumvi. Sema unatubania. Unataka ukachimbe kwako. Uroho huo huo, fundi!"

Neno hilo lilimchoma Fuko, na lilimchoma zaidi kwa sababu upande mmoja lilikuwa la haki. Na hapo, shetani hana haya, kichwa chake kikaanza kazi yake ya miaka yote. Kikapima uwanja wa Mama Miche, kikaupitia udongo, kikatafuta mkondo. Kabla hajajizuia mdomo ulishauliza, "Kwako juu ni kichanga au mfinyanzi?"

"Mfinyanzi!" Mama Miche aliitikia haraka, uso umechangamka.

Mkewe Fuko alikuwa amesimama mlangoni. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bandeji, na bandeji ilikuwa fupi upande mmoja, pale vilipokuwapo vidole viwili.

"Na juu atakaa nani?" aliuliza.

Hakupaza sauti. Majirani wawili walitazama chini.

"Aa, hilo tu?" Mama Miche alisema. "Mimi mwenyewe nitashika. Si mikono ninayo?"

Fuko alimtazama mikono, kisha akamtazama usoni.

"Nilikusikia," alisema.

"Ulinisikia nini?"

"Nikiwa chini, Mama Miche. Ukiwa chini unasikia yote."

Mwanamke yule aliinuka. Akajikusanya, akaondoka, wenzake nyuma. Hata kwaheri haikupatikana.

Lakini maji ni maji, na mtu ni mtu. Majirani walichanga, wakaleta mashine, lile lori lenye mlingoti wa chuma. Mashine haimhitaji mtu wa kushika kamba. Ilipoanza, kuta zilitetema, na vikombe vya chai vikagongana mezani kwa Fuko.

Mkewe alikuwa akijaribu kufunga kilemba kwa vidole vilivyobaki, kinamponyoka, anajaribu tena. Fuko alisimama nyuma yake, akamfungia kwa mkono wake mmoja mzima, yeye akishikilia ncha ya pili. Miguu yake ilikuwa sakafuni, na kwa miguu hiyo aliisikiliza mashine ikishuka: mfinyanzi, kokoto, mwamba.

"Wamefika pale pa chumvi," alisema.

Mashine ilinguruma, haikusimama.

"Wamepapita," Fuko akasema, akakaza fundo.